Kichwa cha mwanafunzi: raga tumeikataa, mpira je?

Kikao cha wazazi katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya kililetewa pendekezo na mwalimu wa michezo: shule ianzishe raga. Mwalimu aliuzoea mchezo huo alipokuwa Arusha, na hoja zake hazikuwa za kubabaisha. Shule za Kenya na Uganda zinaucheza miaka mingi. Kiwanja kipo. Halafu kuna vijana wenye miili mikubwa ambao kwenye soka wanaishia golini au benchi, na raga ina kazi yao. Hakumaliza. Mzazi mmoja alisimama na simu mkononi, akasema ameangalia video za mchezo huo na mpira hakuuona, ameona watu wanabomoana tu. "Mwalimu, sisi tumeleta watoto kusoma." Ukumbi ukapiga makofi, na mwenyekiti akahamia kwenye mchango wa chakula.

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Sikupiga makofi, na wala sikusimama kumtetea mwalimu, jambo ambalo limenikera tangu siku ile. Nimesimamia michezo ya shule kwa miaka kadhaa na nilikuwa na la kusema.

Nianze kwa kuwapa wazazi haki yao. Raga inaumiza vichwa kuliko soka, na hata wenye mchezo wao hawabishi. Steve Thompson alichukua Kombe la Dunia mwaka 2003 akiwa na England. Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba amegundulika na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kuchukua kombe lile. Mwaka 2016 madaktari na wasomi zaidi ya 70 wa Uingereza waliandika barua ya wazi wakitaka kukabana na kuangushana kuondolewe kwenye raga ya shule. Washauri wakuu wa afya wa serikali hawakukubaliana nao, lakini barua ile haikuandikwa na watu waoga. Mtu akisoma hayo kisha akasema mwanangu hatacheza, simlaumu.

Kisha ipo habari ya Ben Robinson. Alikuwa na miaka 14, mwanafunzi wa Ireland ya Kaskazini. Januari 29, 2011, katika mechi ya raga ya shule, aligongwa zaidi ya mara moja, akahudumiwa uwanjani, akaendelea kucheza, akaanguka dakika za mwisho. Mama yake alikuwa pembeni mwa uwanja anaangalia. Hakupona. Uchunguzi wa kifo chake uliomalizika mwaka 2013 uliona kwamba ubongo uliokuwa umeshatikisika ulipata pigo jingine kabla haujatulia.

Mzazi yule wa simu angeijua habari hii angeisoma mbele ya kikao, na makofi yangekuwa mara mbili. Mimi naisoma kwa upande mwingine pia. Pigo la kwanza lilitokana na raga, sawa. Lakini kilichomweka mtoto yule kwenye hatari ya kufa ni kurudishwa mchezoni, na kurudishwa huko hakuna uhusiano na umbo la mpira. Soka letu linafanya hivyo kila msimu.

Nimefanya mimi mwenyewe. Ilikuwa Juni, kiwanja kimekauka, kigumu kama sakafu. Kona ikapigwa, beki wetu wa kidato cha tatu akaruka pamoja na straika wa wenzetu, vichwa vikagongana kwa mlio uliosikika hadi kwenye miti ya mikaratusi. Akalala. Nikakimbia na kidumu cha maji ya baridi, nikamwagia kichwani na shingoni, nikamwonyesha vidole. "Vingapi?" "Viwili." Vilikuwa viwili kweli. Nikampiga begani, arudi. Baada ya kama dakika kumi alinisogelea pembeni ya mstari: "Mwalimu, tunaongoza?" Nikamwambia moja bila. Akarudi tena baadaye kidogo na swali lile lile. Mara ya tatu benchi zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Tulishinda, wakambeba juu juu. Kwa siku mbili alikuwa shujaa wa bweni.

Hakuzimia, na sisi kipimo chetu kilikuwa kuzimia. Kipimo hicho ni kibovu: katika mitikisiko ya ubongo, wanaopoteza fahamu hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Ubongo umeelea kwenye majimaji ndani ya fuvu, na kichwa kikisimama ghafla wenyewe unaendelea kwenda. Hakuna jeraha la kuonekana kwa macho. Dalili ni maneno na mwendo: kizunguzungu, macho kukosa utulivu, kuwa mzito wa kujibu, kuuliza jambo moja mara tatu.

Sasa naomba msomaji akae nami kwenye kilichofuata, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Kijana yule alikuwa wa wastani darasani, anaandika vizuri. Baada ya mechi ile alianza kulalamika kichwa wakati wa prepu. Mwanga wa taa ulimuuma. Akinakili ubaoni, aliandika nusu mstari na kuacha. Alisinzia kipindi cha kwanza, tena asubuhi ya baridi ambayo hapa Mbeya haimsinzishi mtu. Alichapwa kwa kusinzia. Alichapwa tena kwa kazi isiyokamilika. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba ameanza uvivu na michezo imemlevya, na baba yake akaamini, akampiga marufuku mpira. Muhula ule alishuka vibaya. Kati ya watu wazima wote tuliomzunguka, mimi nikiwemo, hakuna aliyeunganisha kona ile na ripoti ile. Nimekuja kuunganisha miaka mingi baadaye nilipokutana na orodha ya dalili za mtikisiko wa ubongo, nikakuta nasoma wasifu wa mtoto ninayemfahamu.

Ndiyo maana kauli ya "tumeleta watoto kusoma" inanigusa kuliko ilivyokusudiwa. Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, huangukia katikati ya mwaka. Baada ya hapo, kwa kidato cha nne, ni mitihani ya mock, na Novemba ni ya taifa. Mtoto aliyegongwa kichwa Juni na kulazimishwa kusoma usiku huo huo, kucheza kesho yake na kuchapwa wiki inayofuata, anaweza kufika kwenye mock bado ana ukungu kichwani. Ni wangapi wameandikiwa uvivu hivyo, shule haina kumbukumbu, kwa sababu hakuna daftari linaloandikwa nani kagongwa kichwa lini. Tunaandika magoli. Tunaandika kadi za njano.

Raga, baada ya kuzika watoto, imejifunza kuandika. Scotland mwaka 2015 ilitoa mwongozo mmoja wa mtikisiko wa ubongo kwa michezo yote, wenye kauli ambayo kwa Kiswahili ni: ukiwa na shaka, mtoe. Aprili 2023 Uingereza nzima ikapata wa kwake kwa michezo ya mitaani na shuleni. Ukiusoma, hauna mashine ndani yake. Aliyegongwa na kuonyesha dalili hata moja anatoka, na siku hiyo harudi. Anapumzika siku moja au mbili, simu na televisheni anapunguza. Masomo yanatangulia mchezo: anarudi darasani taratibu kwanza, kisha mazoezi mepesi. Mechi si kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugusana si kabla ya siku 14 kupita bila dalili akiwa ametulia. Anayeamua atoke anaweza kuwa mwalimu, matroni au mwanafunzi mwenzake.

Soka limeamka baadaye. Ni Julai 2024 tu ambapo sheria za mpira ziliruhusu moja kwa moja mashindano kumtoa aliyegongwa kichwa bila kuhesabu badiliko hilo kwenye idadi ya kawaida. Kwetu mechi za shule bado tunatumia kidumu.

Walimu wa michezo wana majibu yao, na nimeyasikia kwa sababu nilikuwa nayatoa. La kwanza ni hizo siku 21. Kati ya ngazi ya wilaya na ya mkoa zinapita siku chache. Ukimweka kijana nje wiki tatu, UMISSETA yake imekwisha, na kwa wengine pale ndipo pa pekee ambapo mtu wa timu kubwa anaweza kuwaona. Kijana wa Makete au Ludewa hapati nafasi mbili. Jambo hili ni zito na sina dawa ya kulifuta. Ninachoweza kusema ni kwamba kijana anayecheza amechanganyikiwa, anayeuliza matokeo mara tatu, haonyeshi kipaji chake pale. Anaonyesha mabaki. Na refa wa mechi ya shule akiruhusiwa kukubali mchezaji wa ziada, kocha hatakuwa na sababu ya kumbembeleza aliyeumia abaki.

La pili ni zito zaidi: watoto wataficha. Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 wa Ottawa, Kanada, alikuwa nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mei 2013 alifariki baada ya pigo uwanjani, na ikaonekana alikuwa ameshagongwa kichwa siku chache kabla. Alikuwa ametafuta habari za mtikisiko wa ubongo mtandaoni na kuwaandikia marafiki kwenye simu kwamba huenda anao. Wazazi na kocha hakuwaambia. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilitunga sheria kwa jina lake. Mimi najifunza kwake kwamba marafiki walijua. Bweni linajua kabla ya mwalimu. Kiranja akiambiwa tangu Januari kwamba kumtaja mwenzake hakumwingizi kwenye adhabu, na matroni akawa na mamlaka ya kumzuia mchezaji hata kama kocha amenuna, nusu ya kuficha inaisha. Nusu nyingine itabaki, nakubali.

La tatu, hatuna daktari uwanjani. Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa ajili ya viwanja visivyo na daktari. Shaka ya mwalimu inatosha kumtoa mtoto.

Kwa hiyo nasimama wapi kuhusu raga? Nasimama na mwalimu, kwa masharti. Ipo raga ya vitambaa, ambayo wachezaji hufunga mikanda yenye vitambaa kiunoni na kukaba ni kuchomoa kitambaa, hakuna kuangushana. Kidato cha kwanza na cha pili waanze na hiyo. Kukabana kwenyewe kusubiri mpaka shule ipate kocha aliyefunzwa kuwafundisha vijana kukaba chini, maana mara nyingi anayeumia kichwa ni yule anayekaba, na England tangu 2023 imeshusha mkabo wa wasiolipwa mpaka chini ya mfupa wa kifua. Lakini ningependa mchezo huo utufikie hasa kwa sababu ungekuja na nidhamu yake ya kichwa, na nidhamu hiyo ingevuka kwenda kwenye soka, kwenye mpira wa mikono, hata kwa wasichana wa netiboli wanaoanguka kwenye saruji.

Nimemwandikia mkuu wa shule. Raga sikuitaja kwenye barua. Ataiongeza mwalimu mwenyewe wakati wake. Nimeomba daftari la vichwa liwekwe ofisi ya michezo, aliyegongwa asichapwe kwa kusinzia kwa wiki tatu, na karatasi moja ibandikwe mlangoni kwa matroni: anayetapika mara kwa mara baada ya pigo, anayeumwa kichwa kinachozidi, anayeshindwa kuamshwa, anayetetemeka kama kifafa, mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine, huyo ni wa hospitali saa ile ile. Chini ya karatasi nimeacha nafasi ya namba mbili za simu za wenye magari, kwa sababu mechi zetu huisha jioni, na baada ya saa moja usiku kupata usafiri wa kushuka mjini ni kazi.