Kabla hujamwita kadama mtoro, uliza nani ameshika eksiti yake

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa wazazi hapa Busia, chini ya mwembe karibu na kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, na jamaa mmoja mwenye ofisi ya kupeleka watu kyeyo, yaani kazi za nje, akapewa nafasi ya kuongea. Aliongea vizuri, kwa heshima, wala hakumtukana mtu. Akasema makadama, yaani wasichana wetu wa kazi za nyumbani, wanaotoroka kwa mabosi kule Saudia na Dubai ndio wanawaharibia wenzao njia, mkataba ni miaka miwili, umetia saini kwa mkono wako, sasa kazi ikikushinda fuata utaratibu, ukate viza, yaani uifute, urudi nyumbani kama mtu mwenye adabu. Wazee wakaitikia. Hata mimi niliitikia kidogo.

Ila hilo neno lake, fuata utaratibu, limenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu karibu na mimi alikuwa amekaa mama mmoja ambaye binti yake alifuata huo utaratibu mpaka ukamtupa tarhil, jela ya watu wanaosubiri kufukuzwa nchini, na yule mama hakuitikia wala hakubisha, aliangalia tu chini.

Nianze na upande wa ejenti, maana ana haki yake na sitaki kumnyima. Bosi wa Saudia anayetaka kadama kutoka Uganda halipi mshahara peke yake. Kwanza anailipa maktab, yaani ofisi ya kwao ya kuleta wafanyakazi, maelfu ya riyali, humo ndani kuna viza, tiketi, vipimo, na fungu la ofisi ya Kampala. Halafu kuna siku 90 za majaribio, msichana akigoma au akipotea ndani ya hizo siku bosi anataka mtu mwingine au arudishiwe pesa, maktab inaigeukia ofisi ya Kampala, na ofisi ya Kampala ishakula ile pesa kwa kodi ya nyumba na mishahara ya watu wake. Na tuseme ukweli wote, wapo wanaotoroka bila kuteswa na mtu. Mwenzake amempigia simu amemwambia huku nje kazi za masaa zinalipa kuliko hizo riyali 900 zako, akaacha iqama, kibali chake cha kuishi kule, kwa bosi akaenda kubanana na watu kumi chumba kimoja, siku anaugua hospitali inamuuliza iqama iko wapi. Hao nawajua, wengine ni ndugu zetu. Bosi wao amepata hasara ya kweli na ofisi iliyowapeleka pia.

Sasa njoo upande wa pili, ambao nadhani watu wengi hapa kwetu hawajauelewa kabisa, hata wale wenye nia njema.

Tukisema "kata viza uondoke" tunaongea kama vile viza ni yako. Si yako. Kule iqama anaifungua kafili, yaani bosi anayekudhamini, anailipia kafili, anaifanya upya kafili, na ile eksiti ya mwisho, yaani ruhusa ya kutoka nchini moja kwa moja, kwa kadama wa nyumbani anayeitoa ni kafili huyo huyo, kwenye simu yake, kwenye programu ya Absher. Anabonyeza, basi. Asipobonyeza hutoki, hata kama pasipoti unayo mkononi na tiketi umelipa na begi umefunga, ukifika kiwanja cha ndege afisa anaingiza namba yako haoni eksiti, anakurudisha.

Mtu ataniambia si walibadilisha hizo sheria? Walibadilisha. Tarehe 14 Machi 2021 Saudia walianza mageuzi ambayo mfanyakazi wa kampuni anaweza kujiombea eksiti mwenyewe, na anaweza kuhama mwajiri bila kumlilia wa zamani. Hapa kwetu watu wakafurahi wakasema kafala, huo mfumo wa kafili kukushika, imekwisha. Lakini soma vizuri nani aliachwa nje: wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani, wachunga mifugo, wafanyakazi wa mashamba. Sasa wewe fikiria wasichana tunaowasindikiza Entebbe wanaenda kufanya kazi gani. Mlango ulifunguliwa, lakini si ule wanaopitia wao.

Na huyo mwenye kubonyeza ndiye pia anaweza kukuandika hurub, yaani ripoti kwamba umekimbia. Ukishaandikwa hurub iqama haifanywi upya, kazi nyingine hupati kihalali, polisi akikusimamisha barabarani safari ni tarhil. Haki ya kujitetea ipo kwenye karatasi, sikatai. Kanuni zao zinasema kadama anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya wa kwanza kama hajalipwa miezi mitatu, au amekodishwa kwa watu wengine, au hurub aliyoandikiwa ni ya uongo. Nzuri sana. Lakini ili upate hiyo haki lazima ufike ofisi ya kazi, na kufika ofisi ya kazi lazima utoke nyumbani kwa bosi, na kutoka nyumbani kwa bosi bila ruhusa ndiyo hurub yenyewe! Hapo ndipo nataka wale wazee waliokuwa wanaitikia chini ya mwembe wakae kidogo. Binti amefungiwa ndani, simu amenyang'anywa, halafu tunamwambia afuate utaratibu, utaratibu upi, apite dirishani?

Binti wa yule mama wa mkutanoni, ambaye ni jirani yangu, alikuwa Dammam, Saudia. Alifanya miezi kumi na nne, ya mwisho mitano hakulipwa. Mara ya kwanza alienda maktab kwa miguu, na ndala, akaeleza shida yake, wakampigia bosi akaja kumchukua jioni hiyo hiyo. Mara ya pili akampigia kaka yake huku kwa simu ya kuazima, kaka akauza boda yake, na hiyo boda ndiyo ilikuwa inalisha nyumba, akanunua tiketi. Mimi nilikuwepo siku ile sauti yake ilipoingia kwenye simu ya kaka, tulikuwa tumekaa pale nje tunamenya muhogo, akasema taratibu tu bila kulia: "Kaka, wameniambia tiketi si shida, shida ni eksiti." Tukaangaliana, hakuna aliyejua eksiti ni kitu gani. Mama akauliza hiyo nayo inauzwa bei gani. Ile tiketi ikapita tarehe yake, pesa haikurudi, na mama mpaka leo ameikunja mara nne ameiweka kwenye bahasha moja na ripoti za shule za watoto. Binti akaja kurudi baadaye kupitia tarhil, na hati ya dharura ya kusafiria kwa sababu pasipoti ilibaki kwa bosi, alama za vidole zimechukuliwa, kwenye rekodi zao yeye ni mtu aliyekimbia kazi. Miezi mitano ya mshahara kwa riyali 900 ni riyali 4,500, kama dola 1,200 hivi. Huyo ndiye mtoro wetu.

Dubai na Imarati (Falme za Kiarabu) kwa jumla mambo ni tofauti kidogo, na hapo kuna hesabu moja ambayo huwa inaninyima usingizi. Ukibaki bila viza halali, baada ya siku za neema kuisha, faini ni dirhamu 50 kwa siku. Ukisikia hamsini unaona ndogo. Dirhamu moja kwa sasa ni kama shilingi elfu moja ya Uganda, kwa hiyo kila kukicha umedaiwa elfu hamsini. Chukua mtu anayelipwa dirhamu 1,000 kwa mwezi, siku 20 tu faini imemeza mshahara wake wote, na mwezi ukitimia ni 1,500. Yaani faini inakimbia kuliko mshahara wenyewe hata kama angekuwa kazini, na hayuko kazini, kazi ndiyo hiyo imekwisha. Miezi mitatu ni 4,500, milioni nne na nusu huku kwetu. Na mara nyingi kinachomchelewesha si uvivu, anasubiri bosi amalizie malipo yake, anasubiri pasipoti, anasubiri ndugu wachange tiketi. Kila siku anayosubiri haki yake inamwongezea deni, mwisho anaona afadhali ajifiche tu, kwa sababu kwenda kiwanjani ni kwenda kuonyeshwa bili asiyoweza kuilipa. Ndiyo maana mwaka 2024 Imarati walipotangaza msamaha kuanzia tarehe 1 Septemba, wakasema miezi miwili halafu wakaongeza mpaka mwisho wa Desemba, faini zikafutwa na mtu akatoka bila kufungiwa kurudi. Wenyewe waliona kuna watu wameganda, na wakawafungulia.

Nimeona pia inavyokuwa mtu akiwa na nafasi ya kuondoka vizuri. Kijana wetu mmoja alikuwa mlinzi Dubai, kampuni, si nyumbani. Sheria yao ya kazi ya 2021 inataka notisi ya siku 30 mpaka 90, yeye akaandika barua yake, akaipiga picha, akafanya kazi mpaka siku ya mwisho. Walipomletea karatasi ya kukata viza ilikuwa na mstari unaosema nimepokea haki zangu zote. Hajapokea. Akaweka kalamu mezani akasema nitatia saini nikiona pesa kwenye akaunti. Wakamsumbua wiki nzima, pesa ikaingia, akasaini, akarudi. Wengi wanasaini pale pale kwa hamu ya nyumbani, halafu hakuna tena cha kudai.

Na kuhusu ile hasara ya bosi ambayo ejenti wetu aliilalamikia, sheria hiyo hiyo ya Imarati ina dawa ambayo mimi naona ni ya haki kabisa: mfanyakazi wa kampuni akiwa bado kwenye majaribio akataka kuhamia kwa mwajiri mwingine huko huko, anatoa notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anamrudishia wa zamani gharama za kumleta. Pesa inamfuata mtu, hakuna haja ya kumfungia ndani. Qatar nao tangu Januari 2020 kadama anaweza kuondoka nchini bila ruhusa ya bosi, anatakiwa tu amjulishe saa 72 kabla. Na mabosi wa Doha mbona bado wanaajiri.

Kwa hiyo mimi simkatalii yule jamaa kwamba mkataba ni mkataba. Ninachokataa ni kuuanzia mwisho. Ofisi ya Kampala ilijua kufuatilia viza kila siku mpaka ikatoka, ilijua kumpigia binti simu asubuhi na jioni aende vipimo, sasa ifuatilie eksiti kwa bidii hiyo hiyo. Mfumo wa kompyuta wa wizara ya kazi, EEMIS, unaandika nani ametoka na nani amempeleka, basi mkataba ukiisha ofisi iulizwe eksiti ya huyu iko wapi, kama imechelewa mwezi leseni iguswe. Ukifanya hivyo utaona watoro wanapungua, kwa sababu wengi wanapita dirishani baada ya kugonga mlango bila kujibiwa.

Na wewe unayesafiri, kabla ya Entebbe piga picha ya mkataba, viza na pasipoti, na ukishafika piga ya iqama, jina la kafili na namba yake, tuma nyumbani, maana simu yako inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza. Ukiambiwa eksiti imetoka uliza ni ya mwisho au ni ya kwenda na kurudi, hiyo ya pili mkataba bado uko hai na usiporudi jina lako linabaki kwa bosi. Ile ya mwisho ikitoka una siku 60 za kuitumia.

Binti wa jirani sasa anakaanga chapati pale steji ya magari. Juzi aliniita pembeni akaniuliza, "Kaka, hivi vidole vyangu Qatar wataviona?" Nikamwambia asimpe mtu hata shilingi kwanza, twende Kampala wizarani tukaulize wenyewe. Amefunga kibanda Jumatatu, tunaondoka na gari la saa kumi na moja alfajiri.