Je, cheksamu yatosha kulinda nakala rudufu?

Katika maandishi ya kompyuta, tarakimu 1 huandikwa kwa biti nane, yaani alama nane za 0 au 1: 00110001. Biti ya tano kutoka kushoto ikigeuka, tarakimu hiyo husomeka 9. Katika faili la malipo lililohifadhiwa kama maandishi ya kawaida, deni la shilingi 120,000 hugeuka 920,000, na faili hufunguka bila shida, ukubwa wake uleule na tarehe yake ileile. Uharibifu huu wa kimyakimya unanitia hofu kuliko diski inayokufa, kwa kuwa diski iliyokufa hujitangaza yenyewe.

Ni kweli kwamba diski zina mbinu zake za kusahihisha makosa, lakini data hupita pia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nyaya na vidhibiti kabla ya kutua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia diski milioni 1.53 katika mifumo ya kuhifadhi data ya kampuni ya NetApp kwa miezi 41, ulikuta zaidi ya matukio 400,000 ambapo data iliyosomwa haikulingana na cheksamu yake, yaani namba yake ya uhakiki.

Cheksamu ni namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo katika faili na kutunzwa pembeni. Faili likisomwa tena, namba hukokotolewa upya na kulinganishwa na ile ya awali. Kwa SHA-256, mojawapo ya kanuni za kukokotoa namba hiyo, badiliko la biti moja hutoa namba tofauti kabisa. Wanaoitegemea njia hii wana hoja nzito: hujiendesha yenyewe usiku, haihitaji seva ya ziada, na hutaja faili hasa lililoguswa. Gharama yake ni muda, maana diski ya terabaiti 8 inayosomwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15 kumalizika.

Hata hivyo, cheksamu huthibitisha jambo moja tu, kwamba kilichopo leo ndicho kilichoandikwa siku ile. Ikiwa 1 iligeuka 9 kwenye kumbukumbu kabla namba haijakokotolewa, cheksamu italilinda kosa hilo kwa uaminifu mkubwa miaka nenda, miaka rudi. Hapo ndipo wanaodai kwamba nakala isiyowahi kurejeshwa haistahili kuitwa nakala wanapopata nguvu. Kisa cha GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu mtandaoni, cha tarehe 31 Januari 2017 kinawaunga mkono: baada ya takribani gigabaiti 300 za hifadhidata kufutwa kwa bahati mbaya, iligundulika kwamba nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu programu ya kunakili ya toleo 9.2 ilitumika kwenye hifadhidata ya toleo 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya tukio. Cheksamu isingesaidia kitu, kwani hapakuwa na faili la kukagua.

Kwa maoni yangu, urejeshaji ndio ushahidi wenye uzito zaidi, ingawa kuudai kila usiku ni kuzibebesha ofisi ndogo mzigo zisioweza kuubeba. Programu za nakala rudufu kama restic huruhusu kusoma sehemu moja ya saba ya data kila siku, hivyo wiki ikiisha yote huwa imepitiwa. Kisha, kila baada ya miezi mitatu, hifadhidata irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, rekodi zihesabiwe, na salio lilinganishwe na ripoti iliyochapishwa kwenye karatasi siku nakala ilipochukuliwa. Ulinganishaji huo wa mwisho ndio pekee unaoweza kuinasa ile 920,000. Lakini jaribio likifichua mwezi Juni kosa lililoingia mwezi Aprili, ilhali nakala zilizobaki ni za wiki mbili tu, hakutakuwa na nakala safi ya kurejesha. Kwa hiyo nakala za zamani zitunzwe kwa muda mrefu kuliko ule unaopita kati ya jaribio moja la urejeshaji na jingine.