Soda Iliyofungwa Bandeji

Jamani, hivi hizi tamthilia zetu zinatuonaje? Jana usiku jamaa kaachwa na mchumba, kaingia baa, kaagiza soda (kaokoka). Chupa ikaja imezungushiwa utepe mweusi toka shingoni hadi kiunoni. Analia, anakunywa, na kidole gumba kimeziba kipande ambacho utepe haukufika. Moyo umepasuka lakini lebo isionekane!

Na mimi naangalia na mama mkwe, aliyekuja kutusalimia wikiendi moja wakati wa Pasaka, na mnajua sasa tuko mwezi gani. Rimoti anayo yeye.

"Baba Neema, hiyo chupa imeumia?"

Nikakaa vizuri, kwa heshima ya mwenye nyumba. "Hapana, mama. Hawataki kutangaza biashara ya watu bure."

"Kwani sisi hatuijui?"

"Tunaijua."

"Sasa wanamficha nani?"

Nikaona nitumie elimu. Nikamweleza kwamba mambo haya yapo hata Uingereza. Mwaka 1970 bendi ya The Kinks ilitaja Coca-Cola kwenye wimbo wa "Lola", BBC ikagoma kuupiga. Ray Davies, mwimbaji, alikuwa ziarani Marekani. Ikabidi apande ndege arudi London, airekodi upya sehemu ile iwe "cherry cola".

"Ndege?"

"Ndege, mama."

"Kwa ajili ya soda?"

"Ndiyo, mama."

"Na nauli kalipa nani?"

Nikakimbilia filamu ya E.T. ya 1982: kampuni ya pipi ya Mars iliombwa M&M's zake zitumike, ikakataa; Hershey wakatoa Reese's Pieces zao, zikauzika balaa. "Kwa hiyo kuonekana ni pesa, mama."

"Basi huyo wa soda wangemwomba hela wanunue kitanda. Kila tamthilia kitanda ni kile kile."

Kabla sijajibu wakaenda matangazo. Soda ile ile! Inang'aa, inatiririka jasho, jina limejaa kioo kizima.

"Kumbe imepona," akasema mama.

Waandishi wa hadithi nao wamo. "Akatoa simu yake ya kisasa." Simu gani, ndugu mwandishi? Aliyemhonga binti iPhone na aliyemhonga kitochi hawawezi kuwa kwenye hadithi moja! Wa Bongo Fleva ndio hawana aibu, kila ubeti Range, mara Benz, na sisi tunawasikiliza tumening'inia mlangoni mwa daladala. Mangi wa hapa mtaani ukimwomba dawa ya mswaki anauliza, "Unataka Kolgeti gani?" halafu anakupa ya kampuni nyingine kabisa.

Ila njooni shuleni kwa Neema. Kwenye orodha ya mahitaji majina yametajwa wazi, kwa wino mzito, hakuna utepe wala kidole gumba. Rimu ya karatasi ni ile, si nyingine. Sabuni ya maji ni ile. Nikipeleka ya bei yangu inarudishwa, na mtoto juu. Tena chini kabisa wameandika: jembe. Mtoto wa chekechea! Analima wapi, wakati uwanja mzima umewekwa pevingi? Nimekwenda sokoni kuuliza, jembe nimelipata. Mpini unauzwa mbali.