Toyota kung'ang'ania haibridi: kwa sisi wa Dar ni sawa au tunacheleweshwa?

Kila watu wa magari wakikutana Dar siku hizi ubishi ni uleule. Kuna wanaosema Toyota amelala, Wachina wameshamaliza kazi na magari ya umeme, na muda si mrefu Toyota atabaki jina tu. Na kuna wanaosema umeme ni mambo ya Ulaya, sisi tuachieni IST na Noah zetu, hizo haibridi, yani gari zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ni za kutupa betri ikifa. Yani imekuwa kama Simba na Yanga, kila mtu na jezi yake, wakati jambo lenyewe linagusa mfuko wa mtu wa Mbagala na Goba kuliko anavyodhani.

Nasema hivyo kwasababu sisi wengi hatununui gari mpya, tunanunua gari ambayo Mjapani ameshaitumia. Kule gari ndogo mpya ikifika miaka 3 lazima ipite ukaguzi wa serikali, baada ya hapo kila miaka 2, na kila ukaguzi unakuja na gharama zake, mwenye gari akichoka anaipeleka mnadani, inapanda meli, inashuka bandarini hapa inapewa namba E maisha yanaendelea. Kwahiyo gari zitakazojaa yadi za Victoria na Mwenge miaka 8 ijayo ndo hizo zinazouzwa mpya Japan sasa hivi. Uamuzi wanaofanya mabosi pale Toyota City leo unakuja kulipwa na dereva wa Tabata kesho, na hakuna mtu atakayemuuliza.

Chukua IST. Ya kwanza ilitoka 2002, ya pili ikaishia 2016, basi, hakuna IST nyingine inayokuja. Vitz nayo, jina lilifutwa Japan 2020 ikawa Yaris. Sasa ukiangalia kilichochukua nafasi ya hizo gari, Aqua iliyoanza mwishoni mwa 2011, Yaris, Sienta mpya, Corolla, Harrier, kote huko haibridi imejaa. Kwahiyo hata yule anayesema hataki haibridi, akija kuagiza gari miaka michache ijayo atakuta uwanja wa kuchagua umebanana.

Hoja ya Toyota yenyewe ni nini? Hawa watu walitoa Prius tangu Desemba 1997, kwahiyo haibridi sio kitu walichokurupukia. Hesabu wanayoitumia kujitetea ni kwamba madini yanayotengeneza betri ya gari moja ya umeme ya kwenda mbali yanatosha kutengeneza plagini 6 (haibridi unazochomeka kwenye umeme kuchaji) au haibridi za kawaida 90, na hizo 90 zikiwa barabarani zinapunguza moshi mwingi kuliko ile moja. Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni mpaka 2023 kabla ya kumpisha Koji Sato, alisema Januari 2024 kwamba haoni gari za umeme tupu zikipita asilimia 30 ya soko la dunia. Watu walimcheka sana, lakini mwaka huohuo Hertz, wakodishaji magari wa Marekani, akatangaza kuuza gari zake za umeme kama 20,000, na Volvo ambaye alishaapa kuwa ikifika 2030 anauza umeme tupu akarudi nyuma kwenye hilo lengo. Kwa kipindi kile mzee alionekana ameona mbali.

Ila usimalizie hapo, maana China inasema kitu kingine kabisa. Julai 2024 kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya gari ndogo mpya zilizouzwa China zilikuwa za umeme au plagini. Nusu! Na ndo soko kubwa kuliko yote duniani. Mitsubishi alishakubali yaishe, akaacha kutengeneza gari China 2023. BYD ambaye alianza 1995 kama kampuni ya betri tu pale Shenzhen, hata gari hajui, aliacha gari za mafuta tupu Machi 2022 na 2024 akauza zaidi ya gari milioni 4. Alafu Toyota alipojaribu umeme wa kwake, ile bZ4X ya 2022, hata miezi miwili haikupita akaziita zirudi kwasababu boliti za tairi zinaweza kulegea. Kampuni inayosifika dunia nzima kwa uimara, boliti za tairi! Kwahiyo anayesema Toyota alizembea kwenye umeme ana ushahidi wake, hasemi kwa chuki.

Sasa tuje barabarani kwetu. Foleni ya Mbagala, Tabata, au ile ya Mbezi jioni, ndo mahali haibridi inapoonyesha thamani yake, maana ukisimama injini inazima, AC inaendelea kupuliza kwa umeme wa betri kuu, ukisogea hatua mbili unasogea kimya bila kuchoma wese. Kila ukikanyaga breki inarudisha chaji, kwahiyo hata brekipedi zinakaa sana. Na watu wengi hawajui kuwa Prius ya kizazi cha tatu na Aqua hazina stata ya kawaida, hazina altaneta, hata mkanda wa injini hazina, gia boksi yake ni gia za sayari, yani gia ndogo zinazoizunguka moja ya katikati, na mota mbili za umeme, hakuna klachi ya kuisha. Yani vitu vingi ambavyo vinakula pesa kwenye gari ya kawaida humo havipo kabisa. Na EWURA ikitoa bei mpya ya mafuta ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwenye haibridi analala usingizi tofauti na mwenye Mark X.

Betri je? Hapa ndo napenda watu wanisikilize vizuri. Betri ya haibridi inapoa kwa feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari, tundu lake liko pembeni ya siti ya nyuma au chini yake. Sasa sisi tunafanyaje? Tunavalisha siti kava nzito zinazoziba lile tundu, tunaweka mzigo wa sokoni pale, vumbi la Kimara na Kivule linajaa kwenye feni, betri inachemka miaka na miaka, ikifa tunasema haibridi ni mbovu. Alafu inapoanza kusumbua, betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, mara nyingi vinavyokufa kwanza ni vichache tu, fundi anatoa kibovu anaweka cha mtumba, taa ya onyo kwenye dashibodi inazima, miezi mitatu taa inarudi kwasababu kile alichoweka hakilingani na wenzake, ilitakiwa vipimwe vyote na kusawazishwa. Mteja ameshalipa mara mbili na jina la gari limeshaharibika mtaa mzima. Naumia sana nikiona hili kwasababu feni ya kusafisha kwa brashi inaua betri ya mamilioni.

Na sio haibridi tu. Gari zote mpya za Japan zimebadilika, Raize ya 2019 ina injini ya lita moja yenye turbo, inataka oili nyepesi, ukiipeleka kwa fundi aliyezoea kumimina oili nzito ileile anayoweka kwenye Hiace unaiua mwenyewe. CVT, ile gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda na puli, hivyohivyo, Nissan imetukanwa sana hapa mjini kwa gia boksi, na kweli zina udhaifu wake, lakini nyingi zimeuliwa na oili ya gia ya kawaida badala ya ile yake. Kwahiyo mtu anaposema "turudi kwenye gari rahisi" namuelewa kabisa, shida ni kwamba gari rahisi haitengenezwi tena, na zile zilizobaki ndo zinazidi kuzeeka.

Kuzeeka nako kuna bei. TRA wana ushuru wa uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 unaongezewa asilimia 15, ikipita 10 ni asilimia 30, na hapo kuna asilimia 25 ya kuingiza na VAT 18 juu yake. IST za mwisho kabisa za 2016 zenyewe ndo zinaingia kundi la asilimia 30. Watu wanalalamika huu ushuru lakini kwenye haibridi mi nauunga mkono, kwasababu unamsukuma mtu achukue gari ya umri mdogo yenye betri ambayo bado ina maisha. Tatizo mtu anaangalia bei ya kununulia tu kule Japan, anaona Prius ya 2010 ni rahisi, anaichukua, anasahau anachonunua kwa kiasi kikubwa ni betri ya 2010.

Upande wa umeme tupu kwa Dar mi siukatai hata kidogo. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, ule mgao tuliokuwa nao sio wa kuulinganisha na sasa, na mtu mwenye nyumba yake Kigamboni au Madale anaweza kuchomeka gari usiku kwa LUKU yake akasahau sheli. Betri za BYD za aina ya bledi (Blade), za tangu 2020, hazina nikeli wala kobalti na zinavumilia joto vizuri, jambo kubwa kwa mji kama huu. Wa kuogopa ni Leaf za zamani, zile Nissan za umeme tupu, vizazi viwili vya kwanza betri yake haina mfumo wa kuipooza kabisa, na joto ndo adui yake wa kwanza, kwahiyo mtu akikuuzia Leaf rahisi angalia kwanza vile vijistari 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi vimebaki vingapi, kabla hujaangalia hata rangi.

Ila kuna kitu kwenye mkakati wa Wachina kinanitia wasiwasi na sisikii kikisemwa. Mei 2025 BYD alishusha bei ya modeli 22 kwa mpigo, nyingine mpaka asilimia 34. Kwa anayenunua siku hiyo ni sherehe, kwa aliyenunua mwezi uliopita ni msiba. Thailand 2024 wateja walilalamika mpaka mamlaka ya kulinda walaji ikaingilia. Sasa kwetu gari ni akiba, mtu ananunua gari akijua akipata shida ya ada au hospitali anaiuza ndani ya wiki na hela inarudi, "inauzika" ndo sifa ya kwanza kabla ya mwendo. Toyota anaulinda sana huo upande, Land Cruiser 300 ilipotoka 2021 wateja wa Japan walisainishwa kabisa kwamba hawataiuza nje haraka. Kampuni inayokata bei ya theluthi moja kwa asubuhi moja haiwezi kukupa huo uhakika, na mpaka vita ya bei itulie mi simshauri mtu mwenye gari moja tu aweke akiba yake yote humo. Alafu gari za China usukani uko kushoto, zile za mtumba za kwao hazitufai, na Japan BYD alianza kuuza gari ndogo 2023 tu na anauza chache, kwahiyo mtumba wake wa kutufikia sisi utachelewa.

Na Toyota nae nina lake. Anahubiri haibridi kwa dunia nzima, ila gari mpya za bei nafuu anazoleta Afrika, Starlet, Rumion, Vitz mpya, ni Suzuki za India zimebandikwa nembo, za petroli ya kawaida. Haibridi mpya anatengeneza Durban, Afrika Kusini, Corolla Cross tangu 2021, na bei yake sio ya mtu wa kawaida. Hata uaminifu wenyewe uliyumba Desemba 2023 ilipogundulika Daihatsu, kampuni yake mwenyewe, ilichezea vipimo vya usalama kwenye modeli 64, zikiwemo zenye nembo ya Toyota. Raize ya haibridi ilishasimamishwa Mei mwaka huohuo kwa sababu ya kipimo cha kugongwa ubavuni. Raize tunaipenda sana hapa, na hilo watu hawakuliongelea kabisa.

Wakati huohuo Novemba 2023 Toyota alitoa Thailand ile Hilux Champ, gari tupu ya kazi, usukani upande wetu, nyuma unafunga bodi unayotaka, kuanzia baht 459,000 ambayo kwa wakati ule ilikuwa kama dola 13,000. Angalia kirikuu zinavyobebeshwa mzigo Kariakoo na Mabibo kupita uwezo wake, alafu niambie hii gari ilitakiwa ianzie wapi. Hapo ndo Wachina watampiga, kwenye mtu mdogo wa biashara anayetaka kitu kipya cha bei ya kueleweka, hawatampiga kwenye gari za mabosi.

Kwahiyo msimamo wangu, haibridi kwa Dar ya sasa ni njia sahihi kuliko umeme tupu, kwa dereva wa Bolt na kwa familia yenye gari moja, mradi iwe ya umri mdogo na feni yake isafishwe. Mwenye gari ya pili, ana kwake pa kuchaji na haendi mikoani, umeme achukue tu. Anayepiga kilomita nyingi mjini na hana shida na mtungi kwenye buti, gesi asilia ya kujaza pale Ubungo nayo bado ina hesabu nzuri. Lakini yote haya yanamtegemea fundi, na nusu ya mafundi wa Gerezani wanaogopa zile nyaya za rangi ya chungwa zinazobeba umeme mkubwa wa betri, na wana haki ya kuogopa maana volti 200 zinaua. Toyota na wauzaji wake wanaovuna kwetu miaka yote hii wangeanza na vyuo kama VETA Chang'ombe na NIT Mabibo, wapeleke Aqua mbili tatu za kufungua na kufunga na mashine za kupimia betri, kabla hata ya kutuletea modeli nyingine.