Msimu Ujao wa Baleti: Natafuta Kazi Zilizorudi

Kampuni kubwa za baleti za Ulaya na Marekani hutangaza msimu wao miezi kadhaa kabla haujaanza, na mtu aliyekwisha kusoma matangazo machache ya namna hiyo anaweza kubashiri litakalofuata bila kufungua ukurasa. Majira ya vuli hutengewa jioni ya kazi tatu fupi za kisasa, Desemba yote ni The Nutcracker, mwaka mpya unafunguliwa na Swan Lake au Giselle, kisha kabla ya mapumziko ya kiangazi kazi moja mpya kabisa, iliyotungwa na mtu anayevuma wakati huo, inaonyeshwa kwa siku chache. Mara tangazo linapotoka, mabishano huanza: wengine hulalamika kwamba mambo ya kale yamezidi, wengine kwamba usasa umezidi. Mimi nadhani pande zote mbili zinapima kitu kisichohitaji kupimwa. Ninapolisoma tangazo la msimu ujao, natafuta kwanza kazi mpya ya miaka mitatu iliyopita, kuona kama imerudi.

Nasema hivyo kwa sababu zile tunazoziita kazi za kale hazikuzaliwa zikiwa za kale. Giselle ilionyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1841, kwa muziki wa Adolphe Adam na hatua za Jean Coralli na Jules Perrot, nayo ikapendwa mno. Lakini kufika mwaka 1868 Paris hiyo hiyo ilikuwa imeiacha. Iliyoihifadhi ni St Petersburg, ambako mtunzi wa dansi Marius Petipa aliendelea kuirudia na kuitengeneza upya, hata Wafaransa walipoiona tena nyumbani kwao mwaka 1910 waliletewa na Warusi. Swan Lake nayo ilianza Moscow mwaka 1877 bila kusifiwa sana, ikaondolewa jukwaani mwaka 1883, na ile tunayoijua leo ni kazi ya Petipa na Lev Ivanov ya mwaka 1895, wakati Tchaikovsky mwenyewe, aliyetunga muziki wake, alikuwa amekwisha kufariki. The Nutcracker, ambayo leo ndiyo ngao ya hazina za kampuni nyingi, ilipokewa kwa ubaridi na wahakiki mwaka 1892. Desturi ya kuicheza kila Krismasi huko Marekani ilianzia San Francisco mwaka 1944, kisha George Balanchine akaipa nguvu New York mwaka 1954. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu ambayo ingetufikia kama isingerudiwa baada ya msimu wake wa kwanza.

Dansi hufa upesi kuliko sanaa nyingine kwa sababu makazi yake ni mwili. Muziki wa Stravinsky wa The Rite of Spring uliandikwa, kwa hiyo ukaishi. Hatua ambazo Vaslav Nijinsky aliutungia mwaka 1913 zilichezwa mara chache tu, zikapotea, na ilichukua hadi mwaka 1987 kwa Joffrey Ballet ya Marekani kuonyesha jaribio la kuziunganisha upya kutokana na michoro, picha na kumbukumbu za watu. Kinyume chake, Nicholas Sergeyev alipoondoka Urusi baada ya mapinduzi ya 1917 alibeba madaftari yaliyoandikwa hatua za Mariinsky, ukumbi wa baleti wa St Petersburg, kwa alama maalumu, na mwaka 1934 akayatumia kuwafundisha Vic-Wells Ballet ya London kazi zote tatu nilizotaja. Aliyecheza Giselle mwaka huo ni Alicia Markova, ambaye mwaka 1950, pamoja na Anton Dolin, alianzisha kampuni ambayo sasa inaitwa English National Ballet.

Naitaja kampuni hiyo kwa makusudi, kwa kuwa msimu wake wa 2016 na 2017 ndio ninaoutumia kama kipimo. Tamara Rojo, aliyekuwa mkurugenzi wakati huo, alimwagiza Akram Khan atunge Giselle mpya, nayo ikaonyeshwa Manchester kwa mara ya kwanza Septemba 2016. Khan ni mzaliwa wa London, wazazi wake wakitoka Bangladesh, na alilelewa katika dansi ya kathak ya Kihindi. Katika kazi yake Giselle si binti wa kijijini anayependa kucheza wakati wa mavuno. Ni mhamiaji aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo ambacho kimefungwa, na ukuta mkubwa mno uliobuniwa na Tim Yip unawatenga wenzake na matajiri wenye mali. Wale Wili wa sehemu ya pili, mizimu ya wasichana waliosalitiwa ambao humchezesha mwanamume mpaka afe, kwa Khan ni roho za wafanyakazi wa kiwandani, wamesimama juu ya ncha za viatu vyao wakiwa na fimbo ndefu mikononi. (Mtu wa pwani aliyekulia karibu na ngoma za pepo hahitaji kuelezwa sana kwamba kuna kucheza ambako anayecheza hana hiari ya kuacha.) Kisha Januari 2017 kampuni hiyo hiyo, katika ukumbi wa Coliseum wa London, ikacheza Giselle ya zamani kama ilivyotengenezwa na Mary Skeaping, yenye vibanda vya kijijini, mwezi na mashela meupe.

Kuziweka mbili hizo katika msimu mmoja kulikuwa na thamani kuliko mihadhara kumi. Anayezitazama kwa kufuatana anatambua kwamba ile ya zamani nayo inazungumzia tabaka: Albrecht ni mwana wa jumba kubwa aliyevaa nguo za maskini ili amdanganye msichana, na tulikuwa tumelisahau jambo hilo kwa sababu ya uzuri wa mashela. Ile mpya nayo, ikisimama kando ya mama yake, haionekani tena kuwa ya ajabu. Hata hivyo kinachonipendeza zaidi ni kwamba Giselle ya Khan haikuishia hapo. Ilirudi London mara kadhaa na ikasafirishwa nchi za mbali, na kila iliporudi iliwakuta wachezaji wameacha kuhesabu hatua na wameanza kuzicheza. Juma la kwanza la kazi yoyote ngumu, wachezaji bado wanakumbuka, na mtazamaji mzoefu huliona hilo katika mabega yao.

Najua pingamizi. Coliseum ina viti zaidi ya 2,300, na Swan Lake huvijaza wakati kazi isiyojulikana haiwezi. Kampuni hiyo pia huwa na Swan Lake ya Derek Deane katika duara la Royal Albert Hall, yenye bata-maji 60, na sioni haya kusema kwamba ni tamasha la kufurahisha. Katika kampuni nyingi za Marekani The Nutcracker peke yake huleta sehemu kubwa ya fedha za tiketi za mwaka mzima. Mimi mwenyewe hunichosha mara onyesho lake la theluji linapokwisha, lakini simlaumu mkurugenzi anayelipa mishahara kwa fedha hizo. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kazi za kale zinachezwa sana. Haielezi kwa nini fungu lililotengewa kazi mpya huishia karibu lote kwenye uzinduzi. Sababu ya hilo ni nyingine: wafadhili hupenda jina lao liwe kwenye kitu kisichowahi kuonekana, magazeti huandika juu ya usiku wa kwanza, na onyesho la pili la kazi ile ile, miaka miwili baadaye, si habari kwa yeyote. Matokeo yake ni kwamba kazi inagharimiwa mavazi, taa na majuma ya mazoezi, inachezwa siku chache, kisha mapazia yake yanafungiwa ghalani wakati wachezaji walioijua wanastaafu au kuhamia kampuni nyingine.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa kuhusu msimu ujao wa kampuni yoyote yenye uwezo, ningeomba uzinduzi mmoja upunguzwe na nafasi yake ipewe kazi iliyokwisha kuonekana. Na ningetaja moja kwa jina. Dada Masilo wa Soweto alitunga Giselle yake mwaka 2017, ambamo malkia wa Wili ni sangoma, yaani mganga wa jadi wa Afrika Kusini, muziki wa Philip Miller umechukua nafasi ya Adam, na Giselle, tofauti na yule wa mwaka 1841, hamsamehi aliyemsaliti. Masilo mwenyewe ndiye aliyekuwa Giselle. Alifariki Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 39. Wachezaji waliosimama naye jukwaani bado ni vijana, hatua zake bado wanazo miguuni, na wanaweza kualikwa kuzifundisha msimu huu unaokuja.