Wanafunzi wakikupenda ndo unafundisha vizuri?

Kila semesta ikiisha wanafunzi wanapewa ile fomu, mpe mhadhiri wako alama 1 mpaka 5, alijiandaa, alieleweka, ungependa akufundishe tena, halafu ofisi inatafuta wastani na huo wastani vyuo vingi vinautumia kumpandisha mtu cheo au kumnyima mkataba. Sasa hapo sisi tunaofundisha tunagawanyika. Wengine wanasema mwanafunzi ndo anakaa darasani wiki zote kwa hiyo hakuna shahidi kumzidi, wengine wanasema fomu ni kura tu ya nani kapendwa, gawa madesa na A za kutosha uone kama hutopata 5 zako. Mi naona hawa wa pili wana ushahidi mzito kuliko hata wanavyojua wenyewe, ila wa kwanza wana hoja moja ambayo ushahidi wote huo hauwezi kuiua.

Tuanze na ushahidi. Chuo cha jeshi la anga la Marekani, kwenye kozi za lazima mwanafunzi hachagui mwalimu, anapangiwa tu kama bahati nasibu, na mtihani ni mmoja kwa wote, kwa hiyo huwezi kujitetea eti mwenzangu kapewa vichwa mimi nimepewa wazembe. Watafiti wawili, Carrell na West, walichambua matokeo ya zaidi ya wanafunzi 10,000 pale wakachapisha mwaka 2010, na walichokikuta kinauma: walimu ambao wanafunzi wao walifaulu sana kozi ya mwanzo ndo walipewa alama nzuri kwenye fomu, lakini kwa wastani wanafunzi wao haohao walipofika kozi ya mbele, ile inayojengwa juu ya ya kwanza, wakaanza kuachwa na wenzao. Yaani yule anayekufundisha kwa kuutazama mtihani unampenda sasa hivi, yule anayekuchimbisha msingi unamlalamikia, na faida yake unaiona mwaka unaofuata wakati fomu yake ulishaijaza kitambo.

Halafu kuna ule utafiti wa chuo cha Harvard wa 2019, darasa la fizikia, mada zilezile, kundi moja linasikiliza mhadhara mzuri wa mtu anayejua kuongea, kundi lingine linahangaika na maswali kwa vikundi. Waliohangaika walijifunza zaidi kwenye jaribio, ila ukiwauliza wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Ndo ujue kuelewa maelezo ya mtu mwingine kunavyodanganya, kila kitu kinateleza vizuri kichwani mpaka siku unapewa kalamu. Kwa hiyo ukimuuliza mwanafunzi "umejifunza kiasi gani" unamuuliza kitu ambacho hata yeye hana kipimo chake, na wala sio kosa lake.

Haya, kwa nini basi tusizifute? Kwa sababu kuna walimu (tunawajua, tusijifanye) wanaokosa vipindi wiki tatu mfululizo, wanaorudisha skripti baada ya mtihani wa mwisho kupita, wanaomtukana mwanafunzi mbele ya darasa kisa kauliza swali. Nani atasema? Mwenzake wa idara akija kukaa nyuma ya darasa siku moja, mtu kajiandaa, kapiga pasi, slaidi zinang'aa, na kesho yake yeye ndo ataenda kumkagua huyohuyo aliyemkagua. Mwanafunzi ana nguvu kidogo sana mbele ya mtu anayemsahihishia, na ile fomu isiyo na jina mara nyingi ndo nafasi pekee anayopewa. Nikimsikia mhadhiri anazitaja tafiti kama hizo hapo juu kwa furaha kupita kiasi huwa najiuliza anaficha nini.

Unaweza kusema basi mwanafunzi aulizwe yale anayoyaona kwa macho tu, alikuja, aliwahi, alirudisha kazi. Hata hapo kuna mtego. Mwaka 2015 MacNell na wenzake waliandika kuhusu kozi ya mtandaoni ambayo wanafunzi hawakuwaona walimu wao, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, kila mmoja akafundisha kundi moja kwa jina lake na lingine kwa jina la mwenzake. Kazi zilirudishwa muda uleule kwa wote, lakini aliyedhaniwa mwanaume akapewa alama za juu zaidi hata kwenye kuwahi kurudisha kazi! Ni utafiti mdogo, wanafunzi 43 tu, kwa hiyo siubebeshi mzigo mkubwa, ila unaonyesha swali la "aliwahi, 1 mpaka 5" linakusanya hisia, wakati "ulirudishiwa kazi baada ya wiki ngapi" linakusanya jibu unaloweza hata kulihakiki kwenye mfumo.

Kule Kanada kesi ya chuo cha Ryerson na chama cha wahadhiri wake ilifika kwa msuluhishi, na mwaka 2018 akaamua fomu zisitumike kupima ubora wa ufundishaji kwenye kupandisha watu vyeo. Hakusema zichomwe, maana kuhusu alichopitia darasani mwanafunzi ana ya kusema. Mi naona aligusa penyewe.

Wanaoumia zaidi na huu wastani ni wale wa mkataba wa semesta kwa semesta, maana profesa mwenye ajira ya kudumu akipata 2 anakunja karatasi anaendelea na maisha, huyu wa mkataba akipata 2 hana kazi. Sasa mtu wa hivyo utamwambia abane, arudishe kazi mbovu ifanywe upya, aache mhadhara mtamu awape watu maswali magumu wanune? Atawarahisishia tu, na ataita kuwasaidia wanafunzi, wakati msaada wenyewe ungekuwa ni kukaa na yule aliyeanguka jaribio la kwanza mkaangalia pamoja alipopotelea, kazi ambayo inakula jioni nzima na kwenye fomu haina hata kisanduku.

Na matokeo ya mwaka wa pili idara inayo tayari, yapo kwenye mfumo, unaweza kukaa siku moja ukaona waliofundishwa na nani msingi wanafikaje kozi ya mbele. Hakuna anayeyafungua.