The Sims 4: Pima mwanga kwa uso wa Sim mweusi

Picha nyingi za The Sims 4, gemu la kompyuta la kuendesha maisha ya wahusika waitwao Sim, zinazosambazwa mitandaoni zina kasoro ileile. Sebule imepambwa ikapambika, mapazia yamepokea jua la asubuhi, halafu Sim mweusi aliyekaa kwenye kochi ana uso wa rangi ya majivu. Nywele zake alizosuka zimegeuka bonge moja jeusi lisiloonyesha hata msuko. Ngozi yenyewe haina tatizo. Desemba 2020 gemu liliongezewa rangi za ngozi zaidi ya 100 pamoja na kitelezi cha kuzirekebisha, na nyingi ni nzuri kweli. Kinachoziharibu ni mwanga, na wachezaji wengi huutibu kwa kuanzia mwisho: wanapakua faili la mipangilio ya ReShade, programu ya kubadili rangi na mwonekano wa gemu, lililotengenezwa na mtu aliyelijaribu kwa Sim weupe tu.

Anza na taa za nyumba. Chumba cha kawaida kikiwekwa taa 4 za dari, zote kwa nguvu ya mwisho, vivuli hupotea, kuta huwa nyeupe pe, na uso hubaki bapa kama karatasi. Acha taa moja ya dari, ishushe hadi nusu, kisha ongeza 2 au 3 za mezani au za ukutani. Ukiwa unacheza, bofya taa, chagua rangi na nguvu ya mwanga. Unaweza kubadilisha hiyo moja au zote za chumba kwa mkupuo. Chagua njano hafifu. Machungwa yaliyokolea hupendeza kwenye ukuta mtupu, ila yakifika usoni kila mtu anaonekana kama amepakwa mawese.

Mahali pa kuweka taa pana uzito kuliko idadi yake. Taa ikiwa upande wa kochi, shavu moja hung'aa na jingine huingia kivulini. Hapo ndipo pua na mifupa ya uso huonekana. Kama samani zinazuia, bonyeza Ctrl, Shift na C kufungua kisanduku cha amri, andika bb.moveobjects on, kisha shikilia Alt unapoburuta taa ili isifuate miraba ya sakafu. Ctrl na 9 huinua kitu, Ctrl na 0 hukishusha.

Halafu mjaribu Sim mwenye ngozi nyeusi kabisa katika chumba hichohicho mara tatu: saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Usiku ndio mtihani wenyewe. Mwanga wa gemu hili una ubluu mwingi, na ngozi ya kahawia hurudisha nyekundu kuliko bluu. Ikimulikwa na bluu hupoa, ikafifia, ikawa kijivu. Dawa yake ni modi (faili la nyongeza lililotengenezwa na wachezaji) ya kubadili mwanga kama NoBlu, inayoondoa ubluu huo. Faili lake la .package liweke ndani ya Documents, Electronic Arts, The Sims 4, Mods. Weka modi moja tu ya aina hiyo. Mbili zikigusa data ileile ya mwanga, moja huifunika nyingine, nawe utabaki unarekebisha kitu ambacho hakisomwi. Gemu likisasishwa, modi huzimwa zenyewe. Ziwashe tena kwenye mipangilio na ulifungue gemu upya kabla hujalaumu faili.

ReShade ije mwisho, kama chumvi. Kisakinishi kielekeze kwenye TS4_x64.exe iliyo ndani ya Game/Bin. Kitakuuliza toleo la DirectX, mfumo wa Windows unaochora picha za gemu: kwenye kompyuta nyingi za Windows gemu sasa hutumia 11, ilhali mafunzo mengi ya zamani yanasema 9. Ukikosea, gemu litafunguka kama kawaida ila ReShade haitaonekana. Zima pia 'Edge Smoothing' (ulainishaji wa kingo) kwenye mipangilio ya gemu, maana ikiwa imewashwa ReShade hushindwa kusoma umbali wa vitu, na vivuli vya MXAO, kichujio cha ReShade kinachoongeza vivuli kwenye kona na mikunjo, havitokei. Kingo zilainishe kwa SMAA, kichujio cha ReShade cha kazi hiyo, badala yake.

Bonyeza Home ufungue menyu. Vibrance, inayokoleza rangi zilizofifia, 0.10 hadi 0.15 inatosha. LumaSharpen, inayonoa picha, huja na 0.65, ishushe hadi 0.4 hivi, la sivyo ngozi huonekana ina chenga. Kwenye LiftGammaGain, kichujio cha kurekebisha mwanga na rangi, usishushe Lift (sehemu za giza) chini ya 1.000. Mafaili mengi yanayotafuta sura ya sinema hufanya hivyo, na hapo ndipo misuko, nyusi na mstari wa taya humezwa na giza. Gusa Gamma (sehemu za kati): nyekundu 1.02, kijani 1.00, bluu 0.98. Rangi za kati hupata joto kidogo bila kuta kugeuka njano.

Kwa kompyuta dhaifu, acha MXAO kabisa. Ndiyo inayokula nguvu nyingi, na taa zilizopangwa vizuri hukupa vivuli bila gharama hiyo. Ukimaliza kurekebisha, washa 'Performance Mode' chini ya menyu ya ReShade ili gemu lisikwame. Kisha mrudishe yule Sim chumbani saa 4 usiku, msogelee hadi uso ujae skrini, uzime na kuwasha ReShade mara kadhaa. Weupe wa macho ukiwa wa njano, punguza joto la Gamma. Midomo na mashavu yakiwa mekundu kupita kiasi, shusha Vibrance kwanza, na usiguse taa.